Premio 1.8 yanipa kilomita 8.7 kwa lita Mtwapa–mjini: gari gonjwa au ni barabara?

BintiMtwapa

Assalaam aleikum, na wasalimiwa wote hamjambo. Naomba wenye ujuzi mnisomee hesabu hii.

Gari ni Toyota Premio 1.8 ya 2016, injini 2ZR-FAE, giaboksi CVT (ya mkanda, isiyo na gia za hatua), kilomita 118,000 kwenye saa. Safari ni Mtwapa hadi Mwembe Tayari asubuhi na kurudi jioni, kama kilomita 17 kwa upande, siku 22 kwa mwezi. Watu wazima wawili mbele, watoto nyuma hadi Nyali, AC haizimwi. Nimepima kwa kujaza tangi mara tatu kwenye pampu ile ile: 8.5, 8.9, 8.7. Dashibodi yenyewe yasema 9.6. Aliyeuza gari alisema 15.

Mengine ya kujua: fundi aliweka oili 20W-50. Tairi zilizoko ni 205/65R15 na kibandiko cha mlangoni kinasema 195/65R15. Umri wa plagi haujulikani. Taa ya injini haijawaka. Kwa kifaa kidogo cha OBD cha kusomea kompyuta ya gari, joto la maji ya injini lasoma 71 nikienda kilomita 70 kwa saa pale Bamburi, kisha lapanda hadi 84 gari likisimama kwenye foleni ya Lights.

Maswali mawili. Je, gari ni gonjwa? Na nikiliuza, lipi kati ya Camry haibridi, Mark X 2.5, Legacy B4 na Atenza ya dizeli litanipa nini hasa kwenye barabara hii, si kwenye karatasi?

---

Hesabu_Tupu

Wa aleikum salaam dada. Kabla ya kumwita fundi, piga hesabu ya muda.

Gari halili mafuta kwa kilomita pekee. Hula kwa kilomita likienda na kwa saa likisimama, na ukichanganya hayo mawili katika namba moja utadhani gari lina jini. Premio 1.8 nzima, barabara tambarare kama yetu, likienda bila kusimamasimama, hutoa kama 15 kwa lita na AC ikiwaka. Likisimama injini ikinguruma bure na AC, hunywa kama lita 1.1 kwa saa. Bila AC ni 0.7 hivi. Hizi ni namba za kukadiria, lakini hazitakupotosha mbali.

Sasa chukua kilomita zako 17. Za kwenda: 17 gawa kwa 15, ni lita 1.13. Ukisimama dakika 15 tu njiani, ongeza 0.28, jumla 1.41, yaani kilomita 12 kwa lita. Ukisimama dakika 45, ongeza 0.83, jumla 1.96, yaani 8.7. Gari ni lile lile, dereva ni yule yule, mafuta ni yale yale. Kilichobadilika ni msongamano wa daraja la Nyali.

Kwa hiyo huyo muuzaji si lazima awe mwongo. Huenda alikuwa akienda nalo Malindi.

Karatasi za Japani nazo zisikuzuzue. Kipimo cha zamani cha 10-15 ni safari ya kilomita 4.16 ndani ya maabara. JC08 kilichofuata ni kilomita 8.17, kasi ya wastani 24.4 kwa saa, na AC imezimwa. Hakuna tuktuk ya kukukatia mbele humo.

Tuambie: kwa safari moja, gari husimama dakika ngapi kwa jumla? Chukua saa ya simu, bonyeza kila tairi zikisimama. Fanya siku tatu.

Halafu tairi. 195/65R15 ina kipenyo cha milimita 634 na nusu. 205/65R15 ni 647 na nusu. Tofauti ni asilimia 2, na saa ya gari inahesabu mizunguko, haijui tairi limekua. Kilomita 100 za kwenye saa ni 102 za barabarani. Basi 8.7 yako ni 8.9 halisi. Si kubwa, lakini iwekwe mahali pake kabla hatujaanza kulaumiana.

---

Dere_wa_Kongowea

Hayo mahesabu yote ya nini? Mafuta ya siku hizi ni mabovu. Weka V-Power ya Shell utaona tofauti.

---

ChumviNaChuma

Bwana Dere, injini ile Japani imetengenezewa petroli ya kawaida, ambayo kwa kiwango chao huanzia oktani 89 (kipimo cha petroli kustahimili mgandamizo bila kujilipukia). Super yetu iko juu ya hapo. Oktani ya ziada haiongezi kilomita kwa injini isiyoihitaji. Inaongeza shilingi kwenye risiti. Viongezi vya kusafisha vina kazi yao, lakini si dawa ya tatizo hili.

Dadangu, hesabu ya mwenzangu ni sawa, ila kuna jambo moja uliloandika kama la kupita tu, na ndilo lililonisimamisha: 71.

Themostati, kile kizibo kinachoachia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto, kwa 2ZR huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na namba huwa imechapwa juu ya bati lake. Gari likiwa njiani, upepo ukipita kwenye rejeta, maji yanatakiwa yakae kati ya 82 na 92. Likisomeka 71 kwenye mwendo na 84 kwenye foleni, maana yake rejeta iko wazi muda wote. Ama themostati imekwama wazi, au haipo kabisa. Kwa mji huu naweka shilingi yangu kwa la pili. Makanika wengi wa hapa wakipokea gari linalochemka, cha kwanza ni kung'oa themostati na kuitupa, "Mombasa hakuna baridi." Gari linaacha kuchemka wiki mbili, fundi analipwa, na tatizo halisi linabaki.

Hasara yake ni hii. Kompyuta ya injini ikiona maji ni 71, inaamini injini bado haijapata moto, na inaongeza petroli kidogo. CVT nayo huchelewa kufunga kiunganishi chake na kushusha mizunguko mpaka injini ipate joto. Oili haifiki joto lake, inabaki nzito. Na wewe umetia 20W-50 juu ya hapo! Ile injini ina VVT-i, inatumia shinikizo la oili kubadilisha muda wa vali kufunguka, na oili yake ni 0W-20 au 5W-30, lita 4.2 pamoja na filta. Oili nzito kwenye injini isiyopata moto ni kama kukimbia ufukweni mchangani.

Kabla hujanunua chochote nisomee namba mbili kwenye hicho kifaa chako. Tafuta LTFT, yaani marekebisho ya petroli ya muda mrefu kwa asilimia; + maana yake kompyuta inaongeza petroli. Isome gari likiwa limesimama na injini moto, AC imezimwa. Kisha mtu akanyage mafuta mpaka mizunguko 2,500, ashikilie nusu dakika, uisome tena.

---

BintiMtwapa

Ahsanteni. Majibu:

Kusimama: Jumatatu dakika 27, Jumanne 34, Jumatano 30. Nimechukua 30.

LTFT: gari limesimama +4. Kwenye 2,500 ni +13.

Na fundi nimempigia. Amekiri themostati hakuna. Asema haihitajiki Pwani.

---

Hesabu_Tupu

Basi dakika 30: 1.13 na 0.55, jumla 1.68. Gari zima lingekupa 10.1. Lako lakupa 8.9. Barabara imekula kutoka 15 hadi 10, na ugonjwa umekula kutoka 10.1 hadi 8.9. Sehemu kubwa ni barabara, na hiyo hakuna fundi wa kuikarabati.

Kwa mwezi wako wa kilomita 748: lita 84 sasa, 74 likipona. Lita 10. Bei niweke Sh 180 kwa hesabu tu, wewe weka ya mwezi wako, EPRA, mamlaka ya bei za mafuta, hutangaza tarehe 14 na hapa Mombasa huwa chini kidogo ya Nairobi. Ni Sh 1,800 kwa mwezi. Usikubali matengenezo ya elfu 60 kwa ajili ya kuokoa mafuta peke yake.

---

ChumviNaChuma

Sawa, sasa tuna kitu cha kushika.

LTFT ya +4 kwenye kusimama na +13 ikikanyagwa inasema jambo moja waziwazi. Kama hewa ingekuwa inaingia kwa wizi kupitia mpira uliopasuka, namba ingekuwa kubwa gari likisimama na ndogo likikanyagwa, kwa sababu tundu lile lile dogo hupotea kwenye hewa nyingi. Yako ni kinyume. Hiyo ni sensa ya hewa, MAF, inayosoma pungufu, au petroli haifiki kwa shinikizo. Anza na MAF kwa kuwa ni rahisi.

Iko kwenye bomba baada ya filta ya hewa, skurubu mbili. Zima gari, chomoa soketi, itoe taratibu. Nunua dawa ya kopo ya kusafisha MAF, iandikwe hivyo hasa, si ile ya kabureta wala ya bureki. Puliza mara kumi hivi kwenye nyuzi nyembamba zilizo ndani, usiziguse kwa kitambaa, pamba wala kidole. Iache dakika 15 ikauke yenyewe. Filta ya hewa ibadilishwe siku hiyo hiyo, na kama kuna filta ya kupakwa mafuta, itupe, hiyo ndiyo inayochafua sensa. Kisha futa kumbukumbu kwa kifaa chako, tembea siku mbili, soma tena. Ikirudi kati ya +5 na -5, umemaliza. Ikibaki +13, apimwe shinikizo la petroli. 2ZR inataka kati ya 304 na 343 kPa. Ikiwa chini, ni pampu au filta ya ndani ya tangi.

Themostati. Fundi wako hajasema uongo kwamba Mombasa hakuna baridi, ila themostati haijawekwa kwa ajili ya baridi ya nje. Imewekwa ili injini ikae kwenye joto moja, iwe Limuru au Likoni. Swali la kumuuliza ni: gari lilikuwa linachemka kwa nini hata ukaitoa? Sababu za hapa ni chache na zinajulikana. Feni ya rejeta haizunguki kwa sababu waya wake wa ardhini umeliwa na chumvi. Mapezi ya rejeta na kondensa ya AC yameoza upande wa mbele, ukiyagusa yanabomoka kama biskuti. Mfuniko wa rejeta umechoka na haushiki tena shinikizo lililoandikwa juu yake. Pampu ya maji inavuja, na kwa 2ZR huacha alama ya waridi iliyokauka upande wa mkanda. Au, na hii ndiyo mbaya zaidi, rejeta imejazwa maji ya kisima. Visima vyetu vina chumvi. Maji hayo yanatafuna alumini kutoka ndani, na uchafu wake unaziba mirija.

Kurudisha: gari baridi kabisa, mwaga maji ya injini kwenye beseni. Kifuniko cha themostati kina nati mbili za 10. Weka themostati yenye chapa 82, na mpira wake mpya, usirudishe wa zamani. Kile kitundu chenye kipini kidogo kinachochezacheza kiangalie juu, ndipo hewa hutokea. Nati zikazwe kwa Nm 10 tu, mkono wa mtu aliyeshiba huvunja. Jaza maji ya kupozea injini (coolant) ya rangi ya waridi, yaliyokwisha changanywa, usiongeze ya bomba. Washa gari na hita ya ndani kwenye moto wa mwisho, acha mfuniko wazi mpaka mapovu yaishe, funga, na kesho yake asubuhi angalia kiwango tena. Halafu kaa kwenye foleni na kifaa chako. Likivuka 98 na feni haijawaka, usiendelee. Tatizo la mwanzo umelipata.

Oili ibadilishwe wakati huo huo, iende 5W-30. Kwa injini ya kilomita 118,000 na joto letu sioni ubaya wa 5W-30 badala ya 0W-20. Tofauti ya mafuta baina ya hizo mbili ni ndogo. Baina yao na 20W-50 si ndogo.

---

Roda_Nne

Hamjagusa bureki. Kwa magari ya hapa ndiyo naanza nayo.

Vipini ambavyo kalipa huteleza juu yake hushika kutu kwa unyevu wa chumvi. Pedi inabaki imegusa diski. Huisikii, gari halivuti upande, taa haiwaki, lakini linakwenda kama limefungwa kamba. Kipimo: endesha kama kilomita 5 sehemu isiyo na matuta wala foleni, punguza mwendo kwa kuacha mafuta bila kukanyaga bureki sana, simama, pima joto la kila diski kwa kipimajoto cha kuelekeza. Gurudumu la kushoto na la kulia la mbele yasipishane zaidi ya nyuzi 20 hivi. Nyuma vivyo hivyo. Moja likiwa 60 na jenzake 110, umempata mwizi. Vipini visuguliwe, vipakwe grisi ya silikoni. Ile grisi ya kahawia ya bearingi hufanya mpira uvimbe, baada ya miezi miwili kalipa inakwama upya na utaambiwa ununue nzima.

Upepo wa tairi: asubuhi, kabla gari halijatembea. Kibandiko cha mlango kinaandika kPa. 230 ni psi 33. Ukipima mchana wa kaskazi baada ya kutoka Mtwapa utasoma psi 3 hadi 5 zaidi, utapunguza, na kesho asubuhi uko chini.

Plagi za iridiamu bandia zimejaa. Kwa Denso, namba 11 mwishoni mwa jina, mfano SC20HR11, ni pengo la milimita 1.1. Ncha ya katikati ni nyembamba, imechomelewa safi. Ukiona ncha nene na rangi ya fedha ya kung'aa sana kwa bei ya kuku, hiyo ni plagi ya kawaida iliyovaa kanzu. Za asili hufika kilomita 100,000, kwa hiyo za kwako kama ni zile zilizotoka nazo Japani, wakati umefika hata kama gari halikohoi.

Usikubali pia mtu akuambie CVT inahitaji "ATF nzuri." Ni mafuta ya CVT ya Toyota, FE au TC, soma kitabu au bati. ATF huteleza kwenye mkanda wa chuma, na hapo utasahau habari za petroli, utatafuta giaboksi. Kiwango hupimwa kwa tundu la kufurika, mafuta yakiwa nyuzi 35 hadi 45, injini inawaka, gari limelala sawasawa. Anayepima kwa kukisia yuko kazini kukuuzia giaboksi ya pili.

---

Kibanda_cha_Spea

Nijibu swali la pili, maana wote mmelikimbia.

Kwa kipimo kile kile cha Hesabu, kilomita 17 na dakika 30 za kusimama:

Mark X 2.5 ina V6 ya 4GR-FSE. Ikienda ipe 10.5, ikisimama na AC inakunywa kama lita 1.5 kwa saa. Jumla lita 2.37, yaani 7.2. Ni gari tamu, halina CVT, linavuta kwa nyuma na viti vyake vinabembeleza. Lakini petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya vali za kuingiza, kwa hivyo masizi hujikusanya mgongoni mwa vali hizo na hakuna kinachoyaosha. Safari fupi na foleni ndiyo chakula chake. Likianza kutetemeka likisimama asubuhi, dawa si kopo la kumimina tangini, hilo haliwezi kufika pale. Ni kufungua manifoldi na kukwangua. Uundaji wake ulikoma Desemba 2019.

Legacy B4 2.5: likienda 12.5, likisimama lita 1.2. Utapata 8.7. Magurudumu yote manne yanavuta muda wote, na Mombasa hupandi mlima wala huendi matopeni, unabeba hiyo mashine bure. Tairi nne lazima zilingane. Subaru inataka mzunguko usipishane zaidi ya milimita 6. Likipasuka moja unanunua nne, au mbili na dua. Angalia oili kila mara ya pili unapojaza petroli.

Atenza ya dizeli 2.2: ikienda 18, ikisimama 0.7. Jumla 1.29, yaani 13.1. Namba nzuri, na ndiyo ningekukataza kabisa. Chujio la masizi kwenye ekzosi linahitaji mbio ya dakika 20 hivi mfululizo ili lijichome. Wewe na kilomita 17 za foleni huipati hiyo. Kila jaribio likikatishwa, dizeli iliyopulizwa inateremkia kwenye oili, na kiwango cha oili kinapanda badala ya kushuka. Kijiti chake kina alama ya X juu ya kiwango cha kawaida. Oili ikifika hapo imwagwe siku hiyo. Ni gari la mtu wa Mombasa–Voi kila siku.

Camry haibridi, sasa. Modeli ya 2017 kwenda mbele, AXVH70, karatasi ya JC08 inasema 33.4 kwa daraja la chini na 28.4 kwa mengine. Sahau. Ikienda 20, ikisimama injini hujizima na AC inaendeshwa na betri, kisha injini inaamka dakika chache kuchaji. Weka lita 0.4 kwa saa. Jumla 1.05, yaani 16.2. Kwenye foleni ndipo inapowashinda wote, na foleni ndiyo unayo.

---

Hesabu_Tupu

Kwa mwezi basi, kilomita 748: Mark X lita 104, Legacy 86, Premio lililopona 74, Atenza 57, Camry 46. Baina ya Premio na Camry ni lita 28, kwa Sh 180 ni Sh 5,040. Kwa mwaka Sh 60,000 na kitu.

Ukiuza Premio na kuongeza Sh 600,000 ili upate Camry, unahitaji miaka 10 kuirudisha hela hiyo kwa petroli. Ukiwa unalitaka kwa ukubwa na starehe, haya. Kwa petroli peke yake, hesabu haikubali. Ingekuwa kilomita 2,500 kwa mwezi kwenye foleni kama ya teksi, ningesema kinyume.

---

ChumviNaChuma

Hapo naongeza, kwa sababu haibridi zinaharibiwa hapa kwa mambo mawili ambayo hayana haja ya kutokea.

La kwanza ni AC. Kompresa yake ni ya umeme wa volti nyingi, na oili ya ndani yake ni aina ya POE, Denso huiita ND-OIL 11, kwa sababu haipitishi umeme. Fundi wa AC wa kawaida ana PAG kwenye mashine yake. Akikujazia gesi kwa mashine ile ile aliyojazia Probox asubuhi, PAG kidogo inaingia, umeme unavuja kwenda bodi, gari linawasha taa zote na kugoma. Muulize kabla hajafungua boneti: "Una ND-11, na mipira yako ni ya haibridi peke yake?" Akisita, ondoka.

La pili ni tundu la hewa la betri, liko karibu na kiti cha nyuma. Betri inapozwa na hewa ya ndani ya gari. Mkoba wa shule, leso, taulo la pwani, vikiziba hapo betri inachemka, na joto ndilo linaloiua. Kichujio chake kitolewe na kupulizwa kila miezi sita. Kwa nyumba yenye paka, mitatu. Gari likiegeshwa juani siku nzima Bondeni, fungua milango kwanza, teremsha joto, ndipo uondoke.

Kwa wenye Camry ya AVV50, ile modeli ya 2011 hadi 2017, betri ni ya nikeli na umri wake unaonekana: ukisoma kwa mashine, tofauti ya volti baina ya vipande vya betri ikipanuka ukikanyaga sana, anza kuweka akiba.

---

Kibanda_cha_Spea

Na spea. Premio na Allion ni mapacha, na 2ZR iko kwenye magari chungu nzima. Pampu ya maji ya Premio unaipata kabla ya adhuhuri. Premio na Allion zilikoma kuundwa Machi 2021, na sheria ya miaka minane ya kuingiza gari inaendelea kuhesabu, lakini spea hazitakwisha leo wala kesho. Usiliuze.

---

Njia_ya_Voi

Swali la pembeni kwa Hesabu: Nairobi je? Likizo ya Desemba, gari limejaa.

---

Hesabu_Tupu

Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 485, na unapanda kama mita 1,650. Premio na familia na mizigo ni kilo 1,600 hivi. Kuinua uzito huo hadi juu kunahitaji nishati ya kama lita 2.7 za petroli zaidi ya barabara tambarare. Ukienda kilomita 90 kwa saa: tambarare lita 32, kupanda 35. Hiyo ni 14 kwa lita kwenda. Kurudi sehemu ya ile nishati inakurudia, utasoma 16 au zaidi. Anayejisifia 17 muulize alikuwa anaelekea wapi.

Mariakani mpaka Voi usishindane na malori. Kulipita lori kwa kukanyaga mpaka chini kisha kukuta jingine mbele na kukanyaga bureki, ndiyo njia ya haraka ya kugeuza 14 kuwa 11.

Kwa wa Likoni: nusu saa ya kungojea feri na AC ni lita 0.55, sawa na kilomita 8 za mwendo. Dongo Kundu ikiongeza chini ya kilomita 8 kwenye safari yako, kama uendaye Miritini au uwanja wa ndege, pita huko. Ukienda Kizingo, ngoja feri, zima injini, teremsha vioo. Upepo wa Kilindini ni bure.

---

BintiMtwapa

Nimewaelewa. Naanza na themostati, oili, MAF na filta, kisha bureki. Tairi zikiisha ndipo nirudi 195. Swali la mwisho: fundi asema nimwage maji ya rejeta, aioshe kwa bomba la presha, aoshe na kondensa pia. Ni salama?

---

ChumviNaChuma

Rejeta kwa ndani, ndiyo, kwa maji ya bomba ya kawaida bila presha mpaka yatoke safi, na mara ya mwisho suuza kwa maji yasiyo na chumvi, ya chupa za betri, kama lita tano, ndipo uweke yale ya waridi. Kondensa kwa nje, asithubutu kuleta ile bunduki ya presha karibu. Mapezi yaliyokwisha liwa na chumvi yatalala kama nyasi na hewa haitapita tena. Mpira wa bustani, maji ya kawaida, kutoka upande wa injini kwenda mbele, injini ikiwa baridi. Fanya hivyo kila mwezi, hasa ukikaa karibu na bahari Mtwapa. Na akimaliza, soketi ya feni ichomolewe, ikaushwe, ipakwe grisi ya umeme kabla ya kurudishwa.